Mwaka 2024 katika tamthilia: kazi ilipopewa nafasi mbele ya kamera

Mwaka 2024 ulikuwa mzuri kwa tamthilia za televisheni, na uzuri wake haukuletwa na fedha nyingi wala majina makubwa peke yake. Nikizipanga zile ninazoziona kuwa bora, yaani Mr Bates vs The Post Office ya Uingereza, Shōgun ya kituo cha FX cha Marekani, Ripley, Baby Reindeer, na Cien años de soledad iliyotoka Kolombia mwezi Desemba, naona jambo linaloziunganisha ambalo wachambuzi wengi wamelipita haraka. Zote zinamwonyesha mtu akiwa kazini, na zinaionyesha kazi yenyewe kwa subira, hatua kwa hatua, mpaka mtazamaji anaielewa. Wakala wa posta anafunga hesabu. Mkalimani anachagua neno. Muuaji anafuta damu. Mhudumu wa baa anampa mteja kikombe cha chai. Sonara anayeyusha dhahabu. Katika kila moja, msiba au mapenzi au hila vinachipuka kutoka kwenye kazi hiyo, wala havikubandikwa juu yake.

Ninaandika kutoka Tabora, na mtu anaweza kuuliza mji wa maembe, asali na tumbaku unahusika vipi na tamthilia za Uingereza na Japani. Unahusika sana. Watazamaji wa huku hawajawahi kuwa wageni wa hadithi za mbali. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na watu wakaifuatilia kwelikweli; baadaye zikaja za Kituruki kwenye ving'amuzi, na leo si ajabu kuwakuta akina mama wa Ng'ambo au Isevya wakijadili hila za jumba la kifalme la Istanbul kana kwamba wanazungumzia ukoo wa mtaa wa pili. Zile ambazo hazipiti kwenye king'amuzi huingia kwa flashi: unakwenda kwa kijana wa muvi, unamtajia jina, anakujazia msimu mzima. Kwa hiyo swali la tamthilia ipi ilikuwa bora na kwa nini ni swali letu pia, hasa kwa kuwa sasa tunatengeneza za kwetu kwa wingi na tunataka zitazamwe nje ya mipaka yetu.

Ninayoiweka juu ya zote ni Mr Bates vs The Post Office, ambayo kituo cha ITV kiliirusha kwa siku nne mfululizo, kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 4 Januari. Inasimulia mkasa wa kweli. Mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilianza kuingiza katika matawi yake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi madogo ya huko huendeshwa na mawakala: mtu ana duka lake la kijijini, na kwenye kona ya duka kuna kaunta ya posta ambako wazee huchukulia pensheni na majirani hununulia stempu. Mfumo ulikuwa na kasoro, ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Mkataba ulimtaka wakala aufidie kutoka mfukoni mwake. Walioshindwa walishtakiwa kwa wizi au kwa kughushi hesabu, na katika kesi nyingi aliyewashtaki alikuwa Posta yenyewe, kwa kuwa sheria ya huko iliiruhusu kufungua mashtaka ya jinai bila kumsubiri mwendesha mashtaka wa serikali. Kati ya 1999 na 2015 mawakala zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, na wapo waliojiua.

Mwandishi wa tamthilia hiyo, Gwyneth Hughes, alikuwa na mahakama, magereza na vikao vya bunge vya kuchagua. Alichokipa uzito ni kaunta. Jo Hamilton, anayeigizwa na Monica Dolan, anaendesha duka katika kijiji cha South Warnborough. Anafunga hesabu, na kompyuta inamwonyesha upungufu wa zaidi ya paundi 2,000. Anapiga simu ya msaada. Anaelekezwa abonyeze hapa, kisha pale. Anatii kila anachoambiwa. Na mbele ya macho yake upungufu unaongezeka mara mbili. Akiuliza, anaambiwa hakuna wakala mwingine mwenye tatizo kama lake. Uongo huo waliambiwa wengi, kila mmoja peke yake, na kila mmoja akaamini kwamba kasoro iko kichwani mwake mwenyewe.

Sehemu hiyo niliitazama pamoja na jirani yangu, mama anayeendesha kibanda cha uwakala wa fedha za simu. Kiingereza kilimpita hapa na pale, nami nilikuwa nikimfafanulia, lakini tukio la simu halikuhitaji ufafanuzi. Aliniomba nisimamishe, nirudishe nyuma, tulitazame tena. “Kaka, huyu anabonyeza kwa kuambiwa,” alisema. “Akishabonyeza, aliyebonyeza ni yeye.” Sijasoma uchambuzi wowote wa tamthilia hiyo uliosema jambo hilo kwa ufupi namna hiyo. Yeye anaijua kazi ile kwa ndani. Kila jioni floti iliyo kwenye simu na noti zilizo kwenye droo lazima vikijumlishwa vilingane na mtaji. Anaandika kwenye kaunta buku lake kwa kalamu ya bluu, na palipo na tofauti anaizungushia duara. Tofauti ikiwa kubwa, hakuna wa kumwendea. Simu imeshasema, na ujumbe wa simu una nguvu kuliko daftari lake. Nasi sote tunazifahamu ofisi ambazo mtu hujibiwa kwamba mfumo ndivyo unavyosoma, na mjadala unaishia hapo.

Kinachostaajabisha ni kwamba habari ya mawakala hao haikuwa siri. Jarida la Computer Weekly liliichapisha mwaka 2009. Mwaka huohuo Alan Bates, ambaye mkataba wake wa tawi la Llandudno ulikuwa umevunjwa mwaka 2003 baada ya kukataa kubeba deni asilolitambua, aliwakusanya wenzake wakaunda umoja wao. Mwaka 2019 walalamikaji 555 waliifikisha Posta mahali pa kukubali kulipa paundi milioni 57.75, ambazo sehemu kubwa iliishia kwenye gharama za kesi. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa siku moja, Jo Hamilton akiwamo. Uchunguzi rasmi wa serikali ulikuwa ukiendelea. Hata hivyo umma haukutikisika mpaka zilipopita siku nne za Januari 2024. Katika siku chache zilizofuata zaidi ya watu milioni moja walikuwa wametia saini waraka wa kutaka mtendaji mkuu wa zamani wa Posta, Paula Vennells, avuliwe nishani yake, naye akatangaza kuirudisha. Tarehe 10 Januari Waziri Mkuu Rishi Sunak akatangaza bungeni kwamba italetwa sheria ya kufuta hatia zote kwa pamoja. Na mwezi Mei sheria hiyo ilikuwa imekamilika.

Wengi walieleza matokeo hayo kwa kusema kwamba tamthilia hugusa moyo na gazeti hugusa akili. Maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu magazeti nayo yalikuwa yamejaa machozi ya wahanga kwa miaka mingi. Naamini tofauti ilikuwa kwenye saa za kazi. Taarifa ya habari ilisema mfumo una kasoro, na mtu aliyesikia hivyo alibaki na shaka ya kawaida kwamba huenda baadhi ya mawakala walikuwa wezi kweli. Tamthilia ilimkalisha mtu huyohuyo nyuma ya kaunta, ikamwonyesha risiti zinavyohesabiwa, kitufe kinavyobonyezwa, namba inavyogeuka, na simu inavyojibiwa. Baada ya hapo hakuhitaji kuamini kwa huruma. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba jumla haikukosewa na mtu yule. Shaka iliyokuwa imewalinda wakubwa kwa miaka kumi na zaidi ilikufa kwa sababu mtazamaji alifundishwa kazi.

Kwa kipimo hichohicho tamthilia ina pengo. Upande wa Posta umeandikwa kwa wino hafifu: wakubwa wanaingia, wanatamka maneno ya ofisini, wanatoka. Wahandisi wa Fujitsu, ambao baadhi yao waliweza kuingia katika hesabu za tawi kutoka mbali wakati Posta ikisema jambo hilo haliwezekani, wanapata dakika chache mno. Nao walikuwa kazini. Ningetaka kuiona zamu yao, wanachokiona kwenye skrini, wanachoambiwa na msimamizi, siku wanayoamua kunyamaza. Uovu wa namna hii hufanywa na watu wanaotimiza wajibu wao wa saa nane kisha wakarudi nyumbani, na kuuonyesha kwa undani kungeifanya tamthilia iwe nzito zaidi bila kuwapunguzia mawakala haki yao.

Shōgun ina ukubwa mwingine kabisa. Ilianza kurushwa Februari 2024 kwa vipindi kumi, ikitoka katika riwaya ya James Clavell ya mwaka 1975 inayowaza upya Japani ya mwaka 1600: baharia Mwingereza John Blackthorne anatupwa pwani, na bwana mkubwa Yoshii Toranaga anatafuta namna ya kumtumia katika vita vya kuwania madaraka. Septemba 2024 tamthilia hiyo ilikamilisha jumla ya tuzo 18 za Emmy kwa msimu mmoja, idadi ambayo hakuna msimu wowote uliowahi kuifikia, na ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda tuzo ya tamthilia bora. Hiroyuki Sanada na Anna Sawai walishinda tuzo za waigizaji wakuu. Takriban asilimia 70 ya mazungumzo yake ni ya Kijapani.

Hesabu hiyo ya tuzo ina maana tu ukiilinganisha na tamthilia ya 1980 iliyotokana na riwaya hiyohiyo. Katika ile ya zamani, iliyorushwa na NBC, Wajapani walisema Kijapani na hakuna aliyekitafsiri kwenye skrini. Mtazamaji alijua tu kile ambacho Mwingereza alikijua, na watu wa nchi nzima wakabaki kuwa sauti za mazingira. Watengenezaji wa 2024, Rachel Kondo na Justin Marks, waligeuza meza. Miswada iliandikwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa kwa Kijapani, kisha ikapitishwa mikononi mwa mjuzi aliyeipa mazungumzo ladha ya Kijapani cha zama zile. Sanada, ambaye pia alikuwa mmoja wa wazalishaji, alisimamia wataalamu wa mavazi, wa nywele na wa namna ya kuketi na kuinama, ingawa picha nyingi zilipigwa Kanada. Hawakuogopa kwamba mtazamaji wa Marekani atachoka kusoma maandishi chini ya picha. Waliamini kwamba atasoma akipewa sababu, na sababu waliyompa ni kazi ya mkalimani.

Toda Mariko ni mwanamke wa ukoo wa wapiganaji aliyebatizwa na kufundishwa na mapadri wa Kireno, na Toranaga anampa jukumu la kusimama kati yake na Blackthorne. Kuna tukio ambalo Blackthorne anachora ramani ya dunia mchangani na kueleza kwamba Wareno na Wahispania wameigawana, na kwamba kwa mujibu wa mkataba wao Japani nayo imo katika fungu la Wareno. Mariko anasita. Sentensi aliyoisikia inatoka kwa adui wa dini yake, inawatuhumu walimu wake, na lazima aitamke kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya bwana wake. Kamera haimwachi. Tunaona uso wa mtu anayefanya kazi ngumu: kusikia, kupima, kuamua, kusema. Katika vipindi vingine anayalainisha maneno makali ya Mwingereza, anaacha tusi, anaongeza heshima pasipokuwa na heshima, na mtazamaji anayesoma tafsiri anajua mara mbili, kilichosemwa na kilichofikishwa. Mvutano wa tamthilia nzima unakaa katika nafasi hiyo ndogo. Waliolalamika kwamba kipindi cha mwisho hakikuonyesha vita vikubwa walivyovisubiri, nadhani walikuwa wakitazama hadithi nyingine. Vita vya tamthilia hii vilipiganwa kwa sentensi, na vilikuwa vimekwisha kabla ya majeshi kukutana.

Tabora ina haki ya kulitazama jambo hilo kwa wivu. Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, katika karne ya 19 ilikuwa mahali ambapo Wanyamwezi, Waarabu wa Omani, watu wa pwani, Wamanyema na baadaye wamisionari na askari wa Ulaya walikutana kwa biashara ya pembe, vitambaa na watu, na kila shauri lilipita kinywani mwa mkalimani. Wapelelezi wa Uingereza Richard Burton na John Speke walipofika hapa Novemba 1857, Speke hakujua Kiswahili. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani mpaka India, na Bombay ndiye aliyebeba maneno kwenda na kurudi. Hebu fikiri ni mambo mangapi yalilainishwa, yaliachwa au yaliongezwa njiani. Hadithi ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyelipua baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 ili asiangukie mikononi mwa Wajerumani, kila mwandishi wa filamu atataka kuianza na mlipuko. Mimi ningetaka kuona miezi iliyotangulia, na mtu aliyekuwa akipeleka ujumbe kati ya ngome na boma, na alichokibadilisha.

Kuhusu Ripley sina mengi. Steven Zaillian aliitengeneza kwa picha nyeusi na nyeupe, vipindi vinane, Andrew Scott akiwa tapeli anayejivika maisha ya mtu mwingine nchini Italia. Nguvu yake iko katika jinsi inavyokataa kuharakisha uchovu wa uhalifu. Kuua kunachukua muda mfupi. Kuuburuta mwili kwenye ngazi, kufuta matone, kurudi kuchukua kilichosahauliwa, kukutana na jicho la paka wa jengo, ndiko kunakochukua karibu kipindi kizima. Wapo waliochoshwa nayo. Mimi niliona kwamba ni mara chache televisheni humwonyesha mhalifu akitoka jasho la kweli, na kwamba jasho hilo linaondoa mvuto wa uongo ambao tamthilia za wauaji hujivika.

Baby Reindeer inanipa shida zaidi. Richard Gadd aliiandika na kuiigiza kutokana na mambo yaliyompata: mchekeshaji asiye na jina anafanya kazi baa, anamhurumia mteja asiye na fedha, anampa chai ya bure, na kuanzia kikombe hicho mwanamke yule anamwandama kwa miaka. Vipindi vinavyofuata vinafukua dhuluma aliyofanyiwa Gadd mwenyewe na mwanamume aliyemwahidi mafanikio katika fani, na kile kinachoonyesha dhuluma hiyo ni miongoni mwa vipindi vya ujasiri mkubwa nilivyowahi kuviona. Ujasiri wake uko katika kuonyesha kwamba aliyedhulumiwa alirudi tena na tena, kwa sababu alitaka kazi. Hapo ndipo tamthilia inapofikia ukweli ambao watu wengi wa fani ya sanaa, hapa kwetu pia, wanaujua na hawausemi.

Lakini ilifungua kwa maneno yanayotangaza kwamba hiki ni kisa cha kweli, na watazamaji wakayachukulia kama mwaliko wa kumsaka mtu halisi mtandaoni. Mwaka huohuo mwanamke mmoja aliyesema kwamba ndiye aliyechorwa aliishtaki Netflix nchini Marekani. Sitoi hukumu juu ya kesi. Ninachosema ni cha sanaa: Mr Bates iliwataja watu kwa majina yao na watu hao walisimama nyuma ya kazi hiyo, jambo lililoipa haki ya kusema imejengwa juu ya ukweli. Gadd alibadili majina na kuchanganya matukio, kisha kazi yake ikadai ukweli uleule. Sentensi moja kwenye skrini ilikosa uangalifu ambao maandishi mengine yote ya tamthilia hiyo yalikuwa nao.

Ya mwisho kutoka ilikuwa Cien años de soledad, tarehe 11 Desemba, vipindi vinane vikiwa nusu ya kwanza ya hadithi. Mwandishi Gabriel García Márquez hakukubali kuuza haki za riwaya yake yenye jina hilo wakati wa uhai wake, na familia yake ilipokubali ilitaka mambo mawili: iigizwe kwa Kihispania na ipigwe Kolombia. Kwa hiyo Macondo, mji wa kubuni wa hadithi hiyo, ulijengwa karibu na Ibagué, nyumba kwa nyumba, ukakua mbele ya kamera kadiri vizazi vinavyopita. Ninaipenda kwa sababu ya nyumba hizo na kwa sababu ya karakana ya Aureliano, ambako kijana mkimya anatengeneza samaki wadogo wa dhahabu, na utulivu wa jicho lake unatueleza mengi zaidi kuhusu vita atakavyopigana kuliko hotuba yoyote. Udhaifu wake ni sauti ya msimulizi, ambayo mara nyingi inatueleza kile ambacho picha imeshakionyesha. Watengenezaji waliiheshimu riwaya kupita kiasi pale ambapo walipaswa kuiamini kamera.

Nikirudi kwetu, nasema kwanza lililo jema. Huba na Jua Kali zimethibitisha bila ubishi kwamba watazamaji wapo, na kwamba Kiswahili cha mazungumzo ya kila siku kinaweza kubeba msimu baada ya msimu. Waigizaji tunao. Maneno ya nyumbani, ya ugomvi wa mawifi, ya kuposa na ya kuachana yanaandikwa vizuri, wakati mwingine vizuri sana. Katika jambo hilo tuko mbele ya nchi nyingi zinazoigiza kwa lugha ya kukopa.

Tunachokikosa ni kazi. Katika tamthilia nyingi za Dar es Salaam yumo bosi mwenye kampuni, na baada ya vipindi arobaini mtazamaji hajui kampuni hiyo inauza nini. Ofisi ina meza ya kioo, bendera ndogo na mlango unaofunguliwa kwa hasira. Maskini naye anatambulika kwa kanga iliyochanika, na hatuoni anauza wapi, ananunua kwa bei gani, anakopa kwa nani. Kwa kuwa hakuna kazi, hakuna kinachoweza kuharibika isipokuwa mapenzi na urithi, na ndiyo maana hadithi zote zinaishia katika usaliti wa kitandani au sumu kwenye glasi. Siri ya Mtungi ya mwaka 2012 ilikuwa imeshaonyesha njia nyingine: mhusika wake mkuu alikuwa mpiga picha wa Bagamoyo, na studio, wateja na picha zenyewe zilikuwa sehemu ya maisha yake. Njia hiyo haikufuatwa na wengi.

Hapa Tabora kazi zimejaa za kuandikia miaka kumi. Stesheni peke yake, ambako mabehewa kutoka Dar es Salaam yamekuwa yakigawanywa usiku kwenda Kigoma, Mwanza na Mpanda, ni tamthilia nzima. Lakini nikipewa nafasi ya kuchagua moja, ningechagua siku ya soko la tumbaku katika chama cha msingi cha Urambo au Sikonge. Marobota yamepangwa ghalani. Mteuzi anapita, anachomoa jani, analinyoosha kwenye mwanga, anataja daraja, na karani anaandika. Mizani inasoma. Mnunuzi anakubali au anakataa. Katika dakika chache hizo miezi mingi ya familia, kuanzia kitalu mpaka kuchochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, usiku kucha, inageuka kuwa tarakimu, kisha yanakuja makato ya pembejeo, na mkulima anaweza kukuta amebeba deni la mwenzake kwa sababu walidhaminiana. Katibu wa chama anasoma karatasi mbele ya jirani zake. Anajua nani amekatwa sana, anajua kwamba hesabu aliletewa ikiwa tayari, na anajua kwamba jioni atakutana nao msikitini au kanisani. Jo Hamilton wa South Warnborough angeyaelewa yote hayo bila mkalimani.

Lipo swali la fedha, nalo ni gumu. ITV ilisema baadaye kwamba Mr Bates vs The Post Office iliiingizia hasara, kwa sababu hadithi iliyojaa mambo ya posta za vijijini Uingereza haikununuliwa sana nje. Tamthilia iliyobadili sheria ya nchi haikurudisha gharama zake. Hapa Tanzania upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo kwa wasanii, na mikopo hiyo inawafaa wenye kazi zinazouzika haraka, kwa kuwa mkopo lazima urudi. Tamthilia ya ghala la tumbaku haitarudisha mkopo kwa haraka, na mzalishaji mwenye akili timamu hataweka nyumba yake rehani kwa ajili yake. Inahitaji ruzuku, au kituo cha umma kilicho tayari kutenga fungu kikijua kwamba halitarudi kama fedha. Fungu hilo si lazima liwe kubwa. Vipindi vinne vinatosha, waigizaji wa hapahapa wapo, na maghala yapo. Kituo kitakachokubali kianze kwa kuwalipa waandishi wawili wakae kwenye chama cha msingi msimu mzima wa masoko, kuanzia robota la kwanza mpaka malipo ya mwisho, wakiwa na ruhusa ya kuandika walichokiona.